Kisiwa kisicho na panya, na nyinyi watu wa boti

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mheshimiwa Sheha, wazee wetu, walimu wa skuli, manahodha, vijana mnaoongoza wageni, na nyinyi wanafunzi mliokaa huko nyuma, nawashukuru sana kwa kuja, najua leo bahari imetulia na kila aliyekuja hapa kaacha kazi yake. Nimeombwa nizungumzie safari ya kutembelea kisiwa kimoja cha New Zealand kinaitwa Tiritiri Matangi, nilikifika wakati nasoma Auckland, na mwanzo nilitaka niwaletee mapicha ya ndege tu tukae tutazame, lakini kila nikikaa kuandika naona hii habari inawahusu nyinyi kuliko inavyonihusu mimi, khasa nyinyi wenye boti. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza niondoe jambo moja ambalo litawachanganya wengi. Kile kisiwa kinasifika kuwa ni hifadhi isiyo na mnyama mwindaji hata mmoja. Mtu wa kwetu akisikia hivyo anashangaa, hifadhi bila simba, bila chui, bila fisi, hiyo hifadhi ya nini? Mgeni analipa pesa nyingi kwenda Serengeti amuone huyo huyo mwindaji. Lakini New Zealand ni nchi ya namna yake peke yake. Ilijitenga na mabara mengine miaka kama milioni 80 iliyopita ikabaki pweke baharini, na wanyama wa nchi kavu wanaonyonyesha hawakuwepo, isipokuwa popo, maana wao waliruka wakafika. Hakuna paka, hakuna panya, hakuna nguchiro, hakuna komba. Ndege ndo waliokuwa wenye nchi. Wengine wakaacha kabisa kuruka, wakawa wanatembea chini wanakula nyasi na wadudu, wanataga chini au kwenye mashimo ya miti, na wakishtuka wanaganda tu kimya hawatikisiki, kwa sababu adui wao wa tangu na tangu alikuwa ni ndege mwenzao, mwewe na tai, anayewinda kwa macho kutoka juu, ukiganda hakuoni. Sasa mlete panya hapo. Panya haangalii, panya ananusa. Ndege kaganda pale pale juu ya mayai yake na panya anamfuata kwa harufu mpaka kwenye tundu.

Na panya hakuja mwenyewe, alikuja kwa chombo. Hili nataka mlishike, manahodha. Wa kwanza ni panya mdogo anaitwa kiore, alikuja na mitumbwi ya Wamaori, wenyeji wa kwanza wa nchi ile, walipoingia karne ya 13. Halafu kuanzia 1769 zikaja meli za Wazungu na panya wakubwa wa aina nyingine, na paka wa melini. Posamu, mnyama wa mitini mwenye manyoya mazito, wakaletwa kutoka Australia kwa ajili ya biashara ya ngozi. Sungura wakaletwa kwa ajili ya kuwindwa na kuliwa, sungura wakazaana mpaka wakamaliza malisho ya kondoo, basi miaka ya 1880 wakaletewa mnyama wa kuwala sungura, anaitwa stouti, ni jamii ya kicheche, mwembamba, mkali, anapanda miti, anaogelea zaidi ya kilomita moja baharini. Wataalamu wa ndege walionya mapema kwamba huyu ataacha sungura atakula ndege, hawakusikilizwa. Na ndivyo ilivyokuwa, mpaka leo stouti ndo anayeua vifaranga vya kiwi, yule ndege wao asiyeruka, kwa wingi kwenye misitu ya bara.

Nitawapa kisa kimoja ili muone ukubwa wake. Kusini kabisa ya nchi ile kuna kisiwa kinaitwa Taukihepa, Wazungu wanakiita Big South Cape. Kilikuwa hakina panya miaka yote, kimejaa ndege ambao kwengine wameshakwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 panya wakashuka pale kutoka kwenye vyombo vilivyofunga kamba, na ilipofika 1964 wenyeji wanaokwenda kisiwani kila msimu kuvuna ndege wa baharini wakapeleka habari kwamba kisiwa kimevamiwa, panya wamo mpaka ndani ya nyumba. Kulikuwa na wataalamu waliokataa kuamini kama panya anaweza kumaliza ndege, wakataka watu wasubiri waone. Wakati wanabishana, kina Don Merton na wenzake wa idara ya wanyamapori walikwenda wakakamata ndege waliowahi. Waliwaokoa tīeke, ndege mweusi wa msituni, 36 wa aina ya kusini, na kizazi chote cha tīeke wa kusini kilichopo leo kinatoka kwa hao 36. Lakini aina mbili nyengine za ndege na aina moja ya popo hazikuokoka, zimekwisha duniani, hutaziona tena wewe wala mjukuu wako. Kwa kamba ya boti tu! Hakuna aliyekusudia, hakuna aliyewinda, hakuna aliyekata mti.

Haya, twende Tiritiri Matangi.

Kiko kwenye ghuba ya Hauraki, mbele ya Auckland, kama kilomita 30 kutoka mjini, na kama kilomita 4 kutoka ncha ya bara iliyo karibu nacho. Ukubwa wake ni hekta 220, yani unakizunguka kwa miguu siku moja na bado ukapata muda wa kukaa. Wamaori waliishi pale kwa karne nyingi, halafu kuanzia miaka ya 1850 kikawa shamba la mifugo, ng'ombe na kondoo, msitu ukakatwa na kuchomwa mpaka shamba lilipofungwa mwaka 1971 msitu wa asili uliobaki ulikuwa kama asilimia 6 tu, mabonde machache ambayo moto haukuyafikia. Kulikuwa na mnara wa taa, uliwashwa mara ya kwanza mwanzoni mwa 1865, bado upo na bado unawaka. Kwahiyo jueni kwamba sizungumzii msitu mkongwe ulioachwa na Mungu bila kuguswa. Nazungumzia kilima kikavu cha nyasi ambacho watu wamekirudisha kuwa msitu kwa mikono.

Na hapa nataka nikae kidogo, maana mimi hili limenigusa kuliko hata ndege. Walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, John Craig na Neil Mitchell, walikuja na wazo ambalo wakati ule lilionekana la ajabu. Kwa kawaida kisiwa cha ndege adimu kinafungwa, mtu haruhusiwi kukanyaga. Wao wakasema hapana, hiki kiwe wazi, na watu wa kawaida ndo waje wapande miti. Yule mlinzi wa mwisho wa mnara, Ray Walter, taa ilipofanywa kujiendesha yenyewe 1984 hakuondoka, akabaki na mkewe Barbara kusimamia kitalu, mbegu zikiokotwa hapo hapo kisiwani kutoka kwenye yale mabonde yaliyobaki. Kati ya 1984 na 1994 ilipandwa miti kati ya laki mbili na nusu na laki tatu. Waliopanda ni watoto wa skuli, wastaafu, makanisa, vilabu vya wapanda milima, familia na watoto wao, wanakuja na boti asubuhi na chakula chao, wanachimba, wanapanda, wanarudi jioni. Hawakulipwa. Leo sehemu kubwa ya kisiwa ni msitu na sehemu nyengine imeachwa nyasi makusudi, kwa sababu wako ndege wanaotaka uwazi.

Panya wa pale, kiore, waliondolewa 1993. Walitumia helikopta kumwaga chambo cha sumu kisiwa kizima. Najua kuna watu humu wameshaanza kukunja uso, na wana haki, nitarudi kwenye sumu.

Sasa safari yenyewe. Unapanda feri Auckland mjini, inapita kuchukua watu Gulf Harbour, jumla yake saa moja na zaidi kidogo. Lakini kabla hujapanda, gatini, wanakusimamisha. Unasugua viatu soli yote, maana mbegu za magugu na udongo wenye maradhi ya miti vinasafiri kwenye viatu. Unafungua mkoba wako, wewe mwenyewe, unatazama ndani mpaka chini. Chakula kiwe ndani ya chombo kinachofungwa, si mfuko wa plastiki ulio wazi. Kama umekuja na hema au kikapu kilichokaa stoo, kikunjue. Wanatafuta panya, wanatafuta mjusi wa kigeni, wanatafuta hata sisimizi. Na sisimizi si mchezo, mwaka 2000 sisimizi wa Ajentina waligunduliwa Tiritiri, sisimizi mdogo sana, waliingia na mizigo, na ilichukua miaka mingi ya kutafuta na kutega mpaka kuwamaliza. Nilimuona mama mtu mzima, kavaa vizuri, kapiga magoti gatini anatikisa koti la mjukuu wake, na wala hakuna aliyenung'unika wala kuuliza mnanishuku nini. Kwao ni jambo la kawaida kama kufunga mkanda kwenye gari.

Ukishuka unapokewa na watu wa kujitolea, wengi ni wazee wastaafu, wanakugawa makundi madogo madogo. Hakuna mkahawa wala hoteli, chakula unakuja nacho na taka zako unarudi nazo, kila kitu, hata ganda la ndizi. Halafu unaingia njia ya miti.

Jamani, zile sauti. Mimi nilikuwa nimeshakaa New Zealand muda, nimeshatembea misitu ya bara, ni mizuri, miti mikubwa, mivuli, lakini kimya. Nilidhani ndivyo ilivyo misitu ya nchi za baridi. Nilipoingia ile njia ya Wattle, imetandikwa mbao, nikajua kwamba ule ukimya wa bara haukuwa wa asili, ule ni ukimya wa waliokufa. Hapa tūī anaimba, korimako anajibu, wako wanaogombana juu ya maua, wengine wanaparua majani makavu chini karibu na miguu yako, mtu anasema neno na mwenzake hamsikii. Tīeke alikuja akashuka mbele yangu hatua mbili tatu, mweusi, mgongo rangi ya kahawia iliyoiva, na chini ya mdomo ana vinyama viwili vyekundu vinaning'inia, akachambua majani akapata mdudu wake akaondoka zake. Hakunijali. Tīeke wa kaskazini walikuwa wamebaki kwenye kisiwa kimoja tu duniani, Taranga, mpaka walipoanza kuhamishwa 1964. Tiritiri waliletwa 1984, wakati miti bado mifupi, wakawekewa visanduku vya kulala.

Hihi naye, mdogo, dume lina manjano begani na nywele nyeupe pembeni ya kichwa, yeye alikuwa amebaki kisiwa kimoja tu vilevile, Te Hauturu-o-Toi. Tiritiri aliletwa 1995, na kwa kuwa msitu bado mchanga na maua hayatoshi mwaka mzima, watu wanamtilia maji ya sukari. Kuna vibanda vya waya kwenye njia, ndani mna chupa, matundu ya waya yamepimwa aingie hihi na ndege mkubwa asiingie. Kila siku kuna mtu anaosha zile chupa na kujaza. Kila siku, mvua au jua. Kōkako, wa rangi ya kijivu mwenye vinyama vya buluu shavuni, sauti yake nzito ya taratibu, unasimama mwenyewe bila kuambiwa, wa kwanza walifika 1997. Kiwi wako tangu 1993 lakini ni wa usiku, mgeni wa mchana hawaoni, kuna nyumba ndogo ya kulala watu wachache kwa wanaotaka kuwasikia. Tuatara, yule mtambaazi ambaye jamaa zake wote wengine duniani walishatoweka zama za kale, alirudishwa 2003. Pale Hobbs Beach wamejengea pengwini wadogo vijumba vya mawe, unainua kifuniko pole pole unamtazama kupitia kioo, unafunga.

Na takahē. Takahē watu walishamzika, wa mwisho alionekana 1898, vitabu vikaandikwa kwamba amekwisha, halafu mwaka 1948 daktari mmoja anaitwa Geoffrey Orbell akawakuta milimani kusini kabisa, kwenye bonde la mbali. Ni ndege mzito, buluu na kijani, mdomo mwekundu mnene, haruki, kazi yake kula nyasi. Tiritiri wapo tangu 1991, na niliwakuta karibu na mnara wa taa, kwenye majani, baba mama na mtoto, wanakula, na watu wamekaa chini pembeni wanakula mikate yao. Yule mzee aliyekuwa anatuongoza alitukataza kuwapa chochote, akasema wao wana kazi yao nanyi mna yenu. Nilikaa pale muda mrefu nikiwatazama. Ndege ambaye hana silaha yoyote duniani, hawezi kuruka, hawezi kujificha, mifaranga yake inatembea chini, na yuko salama kwa sababu tu watu mia na hamsini asubuhi ile walifungua mikoba yao gatini.

Hilo ndo nililokuja nalo hapa. Watu wanadhani kile kisiwa kinalindwa na bahari. Bahari haitoshi. Wataalamu wa Auckland walitaka kujua panya mmoja akifika kisiwani inakuwaje, basi Novemba 2004 wakamfunga panya dume kifaa cha redio shingoni, jina wakamwita Razza, wakamwachia kisiwa kidogo cha Motuhoropapa, kwenye ghuba hiyo hiyo. Wataalamu wenyewe, wenye mitego, wenye mbwa waliofunzwa, wenye redio inayowaambia alipo, walimhangaikia wiki kumi hawakumpata. Halafu akaingia baharini akaogelea mita 400 mpaka kisiwa cha jirani, Otata, kilichokuwa hakina panya. Alikuja kunaswa baada ya wiki 18 tangu aachiwe, na kilichomnasa ni mtego wenye nyama ya pengwini. Panya mmoja! Na huyo walijua yupo. Je yule aliyeshuka usiku kwa kamba na hakuna aliyemuona, na akiwa ni jike mwenye mimba?

Sasa turudi nyumbani. Sisi tunacho kisiwa cha Chumbe hapa Unguja, kusini ya mji, wengi wenu mmeshapeleka wageni au mmepita karibu. Chumbe ina mnara wa taa nayo, wa 1904, ina msitu wa maweni ambao haukuwahi kukatwa wote, ilitangazwa hifadhi 1994, na panya wake waliondolewa 1997. Wengi hawajui hilo hata hapa Unguja. Msitu uliokuwa na panya ukawa hauna, na wakapelekwa paa nunga, ambaye huku Unguja anawindwa na makaazi yake yanakatwa kila siku. Walinzi wa pale walianza kuajiriwa kutoka kwa wavuvi wa vijiji vya karibu, watu kama nyinyi. Wale kaa wakubwa wanaopanda miti, ambao sehemu nyingi za Bahari ya Hindi wamekwisha kwa kuliwa, pale bado wanatembea usiku. Kwahiyo hili si jambo la Wazungu wa mbali, limeshafanyika kwenye bahari yetu, na linaweza kuharibika kwa boti moja yenye gunia la mchele lililokaa ghalani.

Na somo la kuleta mnyama wa nje ili afanye kazi fulani, sisi tunalijua vizuri sana kuliko tunavyolikiri. Kunguru huyu anayetuibia samaki kwenye dau, anayekula mayai ya kuku na vifaranga, hakuwa wa hapa. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Akamaliza taka akamaliza na viota vya ndege wetu, akavuka kwenda Dar es Salaam, Mombasa, Malindi, na wenzetu wa bara mpaka leo wanamwita kunguru wa Zanzibar. Mwaka 2024 Kenya ikatangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja. Stouti wa New Zealand na kunguru wa Unguja ni hadithi moja, na wakati wake ni huo huo. Waliowaleta walikuwa na nia nzuri kabisa.

Maalim pale mbele aliniuliza kabla hatujaanza, hivi kuua viumbe kisiwa kizima, inajuzu? Nimshukuru kwa swali, maana ni la moyoni na kule New Zealand pia watu wanaliuliza kwa njia zao. Mimi si mwanachuoni, ila sote tumefundishwa madrasa kwamba kuna viumbe watano wanaoruhusiwa kuuliwa hata na aliyehirimia, na panya ni mmoja wao, na kunguru ni mmoja wao. Tatizo langu haliko kwenye panya kufa, liko kwenye namna ya kumuua. Sumu inayotumika inazuia damu kuganda, mnyama hafi papo hapo, na kwenye ile kazi ya Tiritiri walikufa na baadhi ya ndege wengine pia, khasa pūkeko. Wenyewe hawakuficha, waliandika. Hesabu yao ni kwamba waliobaki wamezaana tena na kisiwa kimepata makumi ya miaka bila panya, kazi imefanywa mara moja tu. Mimi nakubaliana na hesabu hiyo kwa kisiwa kidogo chenye bahari pande zote na watu wenye nidhamu ya kukagua. Sikubaliani nayo kwa mtu atakayekwenda dukani akanunua sumu ya panya akaimwaga kwenye kisiwa cha watu wanaochota maji na kufuga kuku. Huko atauwa paka, atauwa bundi, na panya watarudi na boti ya wiki inayofuata. Kutoa panya bila ya kukagua boti ni kumwaga sumu bure.

Na tusidanganyane, hatuwezi kuifanya Unguja nzima isiwe na panya, wala msitu wa Jozani, wala wa Ngezi kule Pemba, ni kubwa na watu tumo ndani yake. New Zealand wenyewe mwaka 2016 serikali yao ilitangaza lengo la kumaliza panya, stouti na posamu nchi nzima ifikapo 2050, na wapo wanaoamini na wapo wasioamini. Lakini walianza na visiwa vidogo, kimoja kimoja, miaka ya 1960, kisha vikubwa zaidi, na 2001 wakaondoa panya Campbell Island, hekta zaidi ya elfu kumi na moja, katikati ya bahari ya baridi. Kwenye ghuba ile ile ya Auckland, Rangitoto na Motutapu vilitangazwa safi 2011, na pale feri zinakwenda na kurudi kila siku zimejaa watu. Sisi tuna Chumbe, tuna Misali, tuna Mnemba, tuna vijiwe na visiwa vidogo chungu nzima ambako ndege wa baharini wanataga na kasa wanapanda. Ni vidogo. Vinawezekana.

Wala sitaki mtu afikirie mpaka tupate helikopta na wafadhili. Ninachokiomba hakina gharama. Boti isilale imefungwa kwa kamba kwenye kisiwa kisicho na panya, nanga ikae nje. Gunia, dumu, boksi la chakula vifunguliwe Unguja, pwani, kabla ya kupakia, si vifunguliwe kule. Chakula cha wageni kiwe kwenye ndoo yenye kifuniko. Paka asipelekwe kisiwani hata kama mpishi analalamika panya, maana paka mmoja wa mnarani ana historia yake, kwenye kisiwa cha Takapourewa huko huko New Zealand mwaka 1894 paka wa walinzi wa taa waliingia na kuzaana na ndege mdogo asiyeruka wa pale akatoweka, hakuwepo kwengine tena duniani. Na nyinyi mnaoongoza wageni, msione haya kumwambia mgeni asugue viatu na afungue mkoba. Mgeni anayetoka Ulaya au Auckland ameshazoea, na asiyezoea mwelezeni kwa nini, mtaona anavyofurahi, maana amepewa kazi na yeye, si kutazama tu.

Walimu, nina ombi kwenu peke yenu. Kile kisiwa watoto wa skuli ndo waliopanda, na leo wengine wana umri wa kuleta wajukuu, wanawaonyesha, huu nimepanda mimi. Hapa watoto wetu wanajua jina la tembo na twiga ambao hawajawahi kuwaona, na hawamjui paa nunga anayeishi kilomita chache kutoka darasani. Wapelekeni Chumbe, safari za skuli zipo, na mkifika ulizeni kuhusu panya wa 1997 walivyoondolewa, wale walinzi watawaeleza vizuri kuliko mimi.

Nimeshazungumza na Sheha, na kakubali tukutane hapa hapa Jumamosi baada ya swala ya alasiri, manahodha wote wanaopeleka wageni visiwani na wapishi wao, tuandike utaratibu mmoja wa kukagua unaotufaa sisi na boti zetu, si wa kuigwa kutoka kwenye feri ya Auckland. Mwenye mitego ya mbao nyumbani aje nayo, tutaiweka gatini siku hiyo hiyo. Haya, nimemaliza yangu, yule nahodha kule nyuma alinyoosha mkono tangu nilipotaja kamba, karibu kaka, sema.